Tumpime Mtu Kabla ya Kumwita Mvivu

Katika ukurasa huu tumeandika mara nyingi juu ya uvivu, wala hatujutii kuandika hivyo. Taifa lililopata uhuru wake mwaka 1961 likiimba wimbo wa Uhuru na Kazi haliwezi kumfurahia mtu mwenye afya anayekula jasho la wenzake. Walakini leo yanipasa kuandika juu ya upande wa pili wa neno hilo. Mwaka 2023 nililitamka nyumbani mwangu mwenyewe, nikamtupia mtu asiyestahili, na ikabidi daktari, saa na kipimo cha shinikizo la damu vinionyeshe kosa langu.

Mtu huyo ni binti wa dada yangu. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 24, naye alikuwa ameajiriwa katika kiwanda kimoja cha nguo huko mikoani. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya mashine za kusokota nyuzi, akienda kutoka mashine hii hadi ile na kuziunga nyuzi zikatikapo. Kwa muda wa miaka miwili hakuna aliyemlalamikia. Kisha akashikwa na homa kali ya mafua na kifua, akalala majuma mawili. Homa ilikwisha, bali yeye hakurudia hali yake. Kila aliposimama kwa dakika chache moyo ulimwenda mbio kama wa mtu anayepanda mlima, macho yakaingia giza, mikono ikatetemeka, na mawazo yakampotea hata akasahau alichokuwa akikifanya. Akikaa chini alipata nafuu. Akilala alikuwa kama si mgonjwa. Mara mbili alianguka kiwandani, katikati ya zamu.

Sasa tazameni jinsi ugonjwa wa namna hii unavyomchongea mwenye nao. Mtu mwenye jeraha huonyesha jeraha lake, na mwenye homa hushikwa paji la uso. Lakini mtu ambaye akilala ni mzima na akisimama ni mgonjwa, nani atamwamini? Msimamizi wake alimkuta amechuchumaa nyuma ya mashine, akamwandikia barua ya onyo. Katika zahanati alipimwa malaria, akaonekana hana, naye akapewa vidonge vya malaria vivyo hivyo. Jirani mmoja alisema amerogwa, na fedha za mshahara wa mwezi mzima zikaenda kwa mganga. Wengine walinong'ona ya kuwa ana mimba. Nami mjomba wake, niliyelelewa katika shule ya misheni ambako kengele ya alfajiri haikumwuliza mtu kama amelala vizuri, nilimwambia, "Jikaze, mwanangu. Uvivu ukiuzoea hautoki."

Akanijibu kwa upole, "Mjomba, silali kwa kupenda. Kusimama ndiko kunakonishinda."

Maneno hayo yalikuwa maelezo kamili ya ugonjwa wake, wala daktari hakuyaongeza sana baadaye. Lakini mimi sikuyasikia. Wasomao Maandiko wanawakumbuka marafiki wa Ayubu, waliokwenda kumfariji, wakaketi naye chini siku saba bila kusema neno. Siku hizo saba walitenda vema. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa vyao na kumtafutia dhambi iliyomletea maradhi.

Dada yangu ndiye aliyekataa kuliacha jambo hili. Alipata barua ya rufaa, akanitaka nimpeleke binti kwa daktari bingwa wa moyo katika hospitali moja kubwa ya Dar es Salaam. Tulifika saa moja asubuhi, tukaingia chumbani kwa daktari karibu na saa sita mchana. Katika muda huo wote wa kungoja binti alikaa, kisha akajilaza juu ya benchi, na watu waliokuwa wamesimama kwa kukosa nafasi walimtazama kwa jicho baya. Naungama ya kuwa hata mimi niliona haya kwa ajili yake.

Nilidhani ya kuwa daktari bingwa angeanza na mitambo mikubwa. Haikuwa hivyo. Alianza kwa kuuliza, na akauliza kwa muda mrefu. Hali hiyo humjia akiwa amesimama au hata akiwa amekaa? Asubuhi au jioni? Je, huzidi akioga maji ya moto, au akila chakula kingi, au jua likiwa kali? Huzidi siku zake za mwezi? Ilianza ghafula au polepole, na kabla yake aliugua nini? Anatumia dawa gani? Binti alijibu yote, na kwa mara ya kwanza tangu augue nilimwona akizungumza bila kujitetea.

Kisha daktari akayatazama majibu ya maabara. Jambo hili wasomaji walishike, maana katika nchi yetu yako mambo mengi yanayoweza kuupeleka moyo mbio: upungufu wa damu, malaria, minyoo inayonyonya damu, ujauzito, ugonjwa wa tezi ya shingo, sukari, na hata kukosa maji ya kutosha mwilini. Yote hayo hutangulia kupimwa. Damu ya binti ilikuwa ya kutosha, sukari yake nzuri, tezi yake haina kasoro, na karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo haikuonyesha moyo mbovu. Hapo ndipo mahali ambapo wagonjwa wengi huambiwa, "Huna kitu, nenda nyumbani." Daktari huyu hakusema hivyo. Alisema, "Vipimo hivi vyote umepimwa ukiwa umelala au umekaa. Sasa tukupime ukiwa umesimama."

Kipimo chenyewe ni cha namna hii. Muuguzi alimlaza kitandani dakika kumi, kimya, kisha akapima shinikizo la damu na mapigo ya moyo. Shinikizo lilikuwa 112 kwa 70, na mapigo 72 kwa dakika. Akamwambia asimame, asiegemee ukuta, asitembee wala asichezeshe miguu. Akapima tena. Dakika ya kwanza mapigo yalikuwa 98. Dakika ya tatu, 110. Dakika ya tano, 117, na jasho jembamba likaonekana juu ya mdomo wake. Nilikuwa nimeshika saa yangu mkononi, nami nikaona ya kuwa dakika kumi ni muda mrefu mno. Dakika ya nane aliomba kukaa. Muuguzi akamshika kiwiko, akamwuliza kama anaweza kuvumilia kidogo, naye akavumilia. Dakika ya kumi mapigo yalifika 124, na shinikizo lilikuwa 110 kwa 76. Akalazwa upesi, na baada ya muda si mrefu moyo ukatulia.

Daktari akanigeukia. "Mzee, umeona mwenyewe. Hajapiga hata hatua moja, na moyo wake umeongeza mapigo 52. Jambo hili mtu hawezi kuliigiza."

Nilitazama sakafu.

Yafaa sasa nieleze maana ya jambo hilo, kama nilivyoelezwa. Katika mwili wa binadamu iko mishipa ya fahamu tunayoiamuru, kama ile inayoinua mkono. Na iko mingine inayojiendesha yenyewe, haingoji amri yetu. Hii ya pili ndiyo inayoongoza mapigo ya moyo, upana wa mishipa ya damu, jasho, tumbo na kibofu. Mtu anaposimama, damu ipatayo nusu lita au zaidi huteremka kwenda miguuni na tumboni kwa uzito wake. Kwa mtu mzima wa afya mishipa hiyo hutambua mara moja, ikaamuru mishipa ya damu ijikaze, na moyo ukaongeza mapigo kumi au ishirini tu. Sisi hatuna habari. Tunasimama na kwenda zetu. Mishipa hiyo isipofanya kazi yake sawasawa, damu hukawia chini, ubongo hupungukiwa, na moyo hulazimika kukimbia ili kuziba pengo.

Hali iliyompata binti yetu madaktari huiita kwa herufi nne, POTS. Kwa mtu mzima huitambua mapigo yakiongezeka 30 au zaidi katika dakika kumi za kusimama, na kwa kijana wa miaka 12 hadi 19 yakiongezeka 40, bila shinikizo la damu kuanguka, na dalili zikiwa zimedumu kwa miezi, wala si kwa siku mbili tatu. Huwashika zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mara nyingi huanza baada ya homa ya virusi, upasuaji, ujauzito au jeraha, na baada ya ugonjwa wa UVIKO-19 uliozuka mwishoni mwa mwaka 2019 wagonjwa wa namna hii wameonekana wengi katika nchi nyingi. Kwa habari ya binti yetu, daktari alisema homa ile ndiyo anayoishuku, ingawa hakuapa.

Msidhani ya kuwa maradhi haya ni mapya, au ni ya watu wanaojidekeza wa zama zetu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, daktari wa Philadelphia aitwaye Jacob Mendes Da Costa aliwatibu askari waliolalamika kwa moyo kwenda mbio, kifua kubana na kuchoka kupita kiasi, ambao mioyo yao ikichunguzwa haikuonekana kuwa na kasoro. Aliandika habari zao mwaka 1871. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 askari wa Uingereza walipatwa na hali kama hiyo kwa maelfu, ikaitwa moyo wa askari, na daktari Thomas Lewis akawachunguza. Hatuwezi kusema ya kuwa wote hao walikuwa na POTS, maana hakuna aliyewapima kama tupimavyo leo. Lakini dalili zao zafanana sana. Jina la POTS lenyewe lilikuja kushika mwaka 1993, Ronald Schondorf na Phillip Low walipoandika habari za wagonjwa waliowapima katika hospitali ya Mayo Clinic, huko Rochester, Marekani. Hata baada ya hapo mambo hayakuwa mepesi. Uchunguzi mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliowauliza wagonjwa zaidi ya 4,800, ulionyesha ya kuwa walio wengi waliambiwa kwanza kwamba wana ugonjwa mwingine. Ikiwa mambo ni hayo katika nchi zenye madaktari wengi, tusistaajabu yaliyompata msichana wa kiwandani kwetu.

Katika hospitali zenye vifaa maalumu vipo vipimo zaidi. Kipo kitanda kinachoinuliwa kwa mtambo hadi nyuzi 60 au 70, mgonjwa akiwa amefungwa mikanda asianguke. Mwaka 1986 madaktari wa London walionyesha jinsi kitanda hicho kinavyofaa kuchunguza watu wanaozimia bila sababu kujulikana. Kipo kipimo cha kupuliza mrija kwa nguvu kwa sekunde 15 huku moyo ukitazamwa, kinachobeba jina la Antonio Valsalva, Mtaliano aliyekufa mwaka 1723. Kipo cha kuvuta pumzi ndefu sita kwa dakika moja, na kipo cha kupima jasho. Nilimwuliza daktari kama tutafute fedha tukavifuate. Akasema ya kuwa kwa binti huyu havihitajiki, kwa maana jibu limekwisha patikana kwa kitanda, saa na mpira wa kufunga mkononi.

Nataka kila msomaji alishike neno hilo. Vifaa hivyo vitatu vinaweza kupatikana hata katika zahanati ya kijijini. Lililokosekana ni mtu wa kusema, "Hebu simama, tupime tena."

Wala kipimo hiki si cha wasichana wa viwandani peke yao. Wazee wetu wengi huanguka wakiamka usiku, tukasema ni uzee. Mgonjwa wa sukari wa miaka mingi huweza kuharibikiwa na mishipa hiyo hiyo inayojiendesha. Na daktari David Ewing wa Edinburgh, pamoja na wenzake, walitengeneza katika miaka ya 1970 mfululizo wa vipimo vyepesi kwa ajili ya wagonjwa wa namna hiyo. Wengine huangushwa na dawa zao wenyewe za shinikizo la damu. Kwa hao jambo la kutazama ni shinikizo: likishuka kwa 20 katika namba ya juu, au kwa 10 katika namba ya chini, ndani ya dakika tatu za kusimama, hiyo ni kasoro, na daktari aambiwe kabla mzee hajavunjika nyonga. Mgonjwa mwenyewe asiziache dawa zake kwa shauri lake.

Je, binti alipewa dawa gani? Kwanza aliambiwa kweli, ya kuwa hakuna dawa moja inayouondoa ugonjwa huu, lakini ya kuwa wengi hupata nafuu. Aliamriwa kunywa maji lita mbili hadi tatu kila siku na kuongeza chumvi kwa kipimo alichopewa. Hapa natahadharisha: chumvi hiyo ni kwa mtu aliyepimwa. Mwenye shinikizo kubwa la damu, au ugonjwa wa figo au wa moyo, akiiga jambo hili atajidhuru. Alitakiwa avae soksi ndefu za kubana, aamke kwa vituo, yaani akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, na afanye mazoezi kidogo kidogo akiwa amelala au amekaa, akiongeza juma baada ya juma. Alipewa pia vidonge vya propranolol kwa kiasi kidogo ili kuutuliza moyo. Ziko dawa nyingine, na kila mgonjwa hutafutiwa inayomfaa.

Lakini sharti moja halikuuzwa katika duka lolote la dawa, nalo ni kiti. Msichana huyu angeweza kufanya kazi kama angeruhusiwa kukaa. Katika kiwanda kile iko meza ya kukagua nguo na kukunja, ambayo kazi yake hufanywa na mtu akiwa ameketi. Tulipeleka cheti cha daktari kwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, naye akaenda nacho kwa meneja. Hakugomba. Aliweka juu ya meza cheti chenye namba zile, 72 na 124, akauliza kama barua ya onyo bado ina maana. Barua iliondolewa, na binti akahamishiwa mezani, kando yake chupa ya maji.

Wafanyakazi wafahamu pia haki yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ya Tanzania Bara, inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Lakini cheti hakiandikwi pasipo kupimwa, na mgonjwa hapimwi ikiwa kila mtu amekwisha amua ya kuwa ni mvivu. Nasi wa Chama tusijifiche nyuma ya Azimio. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimtaka kila mwenye uwezo wa kufanya kazi afanye kazi, na papo hapo likawaweka kando watoto wadogo, wazee na vilema, ambao kuwatunza si unyonyaji. Maana yake ni kwamba kabla ya kumhukumu mtu yatupasa kwanza kujua uwezo wake. Uwezo haujulikani kwa kumtazama mtu usoni.

Msije mkadhani ya kuwa natetea watoro. Wapo, na kipimo hiki hakiwafichi. Mtoro akisimamishwa dakika kumi moyo wake utatulia, naye arudi kazini. Kipimo cha haki humtenga mwongo na humwokoa mkweli kwa wakati mmoja, ndiyo sababu hakuna msimamizi mwema anayepaswa kukiogopa.

Binti wa dada yangu hajapona kabisa. Ziko siku nzuri, na ziko siku ambazo hafiki kazini. Siku za joto kali ni mbaya kuliko zote. Lakini anafanya kazi, anapokea mshahara wake, na wenzake hawamcheki tena. Tulipotoka hospitalini siku ile nilimwomba radhi kituoni, tukingoja basi. Alikuwa ameketi juu ya mfuko wake wa nguo, na mimi nimesimama. Akasema, "Mjomba, hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ni mvivu."

Neno hilo limeniuma kuliko lawama. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini maiti hawezi kuambiwa ya kuwa kaburi lake ni la uongo mpaka akaamini. Mgonjwa aweza. Basi, makatibu wa matawi, wasimamizi wa kazi, wauguzi wa zahanati, na ninyi wajomba na mashangazi: akija kwenu mtu asemaye kwamba kusimama kunamshinda, mlazeni dakika kumi, mpimeni, msimamisheni dakika kumi, mpimeni tena, na mtu awe karibu kumdaka asianguke. Mkiona kasoro, mwandikieni barua ya rufaa. Ni dakika ishirini tu, na barua ya onyo yaweza kungoja kiasi hicho.